Ufundi, Shahada na Mshahara wa Mwezi

Mhadhara kwa wazazi, walimu, mafundi na vijana wa Tanga



Kila mwaka matokeo ya kidato cha nne yakitangazwa, nyumba nyingi za Ngamiani, Makorora na Duga hufanya kikao. Mtoto amepita, lakini si kwa alama za kumpa mtu usingizi. Baba anataka aende kidato cha tano, hata kwa kulipia shule ya binafsi, ili siku moja afike chuo kikuu. Mjomba anasema apelekwe VETA, chuo cha ufundi stadi, akajifunze umeme. Mama amenyamaza muda wote, kisha anauliza: “Na akiugua, atakula nini?” Kwangu mimi hilo ndilo swali lenye akili kuliko yote yanayoulizwa katika kikao kile, na mhadhara huu ni wa swali hilo.

Tumezoea kuupambanisha ufundi na shahada kana kwamba tunapambanisha mikono na akili. Mimi nasema ugomvi huo si wa kweli. Tangu shule ya kwanza ya serikali ilipofunguliwa katika mji huu, kilichowavuta watu wa pwani yetu kuelekea ofisini ni mshahara wa mwezi pamoja na vyote vilivyoandamana nao: matibabu, likizo, nyumba, kiinua mgongo, na mtu kuitwa kwa jina lake. Fundi alinyimwa hayo kwa sababu ya namna alivyolipwa. Kazi yake haikuwa na kasoro.

Shule ile Wajerumani waliifungua mwaka 1892, ikawa ya kwanza ya aina yake katika koloni lao lote. Haikuwa ya misheni, kwa hiyo watoto wa Kiislamu wa pwani waliingia bila wazazi kuogopa kwamba watabadilishwa dini. Walifundishwa kusoma, kuandika na hesabu, na wengine walifundishwa kazi za mikono. Palikuwa na kiwanda cha kupiga chapa, na kuanzia mwaka 1904 hadi vita vilipoufikia mji huu 1916, kiwanda hicho kilitoa gazeti la Kiswahili lililoitwa Kiongozi. Hebu fikirini kazi ya kutoa toleo moja. Mmoja aandike habari. Mwingine apange herufi za risasi, moja baada ya nyingine, akizisoma kinyume kama zinavyoonekana kwenye kioo. Mwingine atie wino na kuendesha mashine. Mpangaji herufi asiyejua kusoma hakufaa kitu, na mwandishi asiye na mpangaji hakuwa na gazeti. Wote walikuwa wa ua mmoja.

Walipotoka katika ua ule ndipo njia zao zikatengana. Aliyeshika kalamu alikwenda kuwa karani, mwalimu, mkalimani au akida, akalipwa na serikali kila mwezi. Aliyeshika nyundo aliingia kwenye reli, ambayo ilianza kujengwa hapa Tanga mwaka 1893 na kuchukua karibu miaka 20 kufika Moshi. Au aliingia kwenye mkonge, ulioletwa mwaka huohuo wa 1893 na Richard Hindorf, miche 62 tu ikiwa hai, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Kwenye mkonge mtu hakuhesabiwa kwa mwezi wa kalenda. Alipewa kipande, yaani kadi ya siku 30 za kazi. Siku aliyougua haikuandikwa. Siku ambayo hakumaliza kazi aliyokatiwa haikuandikwa. Malipo yalisubiri mpaka kadi ijae.

Juu ya hayo palikuwa na ngazi ya rangi. Mhandisi alikuwa Mzungu. Fundi mwenye cheo na malipo ya kueleweka, kwenye gereji na karakana za reli, mara nyingi alikuwa Mhindi, hasa Kalasinga. Mwafrika alikuwa tanboi, mshika spana, hata kama baada ya miaka kumi ndiye aliyekuwa akiifungua injini yote na kuirudisha. Mlango ambao kijana wa Kiafrika aliweza kuupita akapata malipo ya mwezi ulikuwa ukarani na ualimu, basi. Ndiyo maana mwaka 1922 chama cha watumishi wa serikali wa Kiafrika kilianzishwa hapahapa Tanga na karani, Martin Kayamba, kikawakusanya makarani na walimu, Waislamu kwa Wakristo. Watu wenye mshahara wa mwezi ndio wenye nafasi ya kukutana jioni na kuandika katiba ya chama.

Kwa hiyo babu aliyemwambia mwanawe ashike kalamu hakuidharau nyundo. Alipiga hesabu, na hesabu yake ilikuwa sahihi.

Tunaye Shaaban Robert wa kutuonyesha jambo hili kwa undani zaidi. Alizaliwa Vibambani, jirani na Machui, mwaka 1909. Alisoma Dar es Salaam kuanzia 1922 hadi 1926, akaingia ukarani wa forodha Pangani. Chuo kikuu hakukiona, na Tanganyika yenyewe haikuwa nacho mpaka 1961, mwaka mmoja kabla hajafariki. Katika kitabu chake Utubora Mkulima, shujaa anaacha kazi nzuri ya ofisini na kwenda kuishi kwa jembe, na kitabu chote kinamsifu kwa uamuzi huo. Lakini mwandishi mwenyewe hakuiacha ofisi. Alitumikia serikali zaidi ya miaka 30, Pangani, Mpwapwa, kisha hapa Tanga. Sioni unafiki katika hilo. Naona mtu aliyependa kazi ya mikono kwa dhati, akajua pia kwamba familia yake na kalamu yake vilikuwa vinakula mshahara ule.

Sasa tazameni kilichotokea ufundi ulipopewa mshahara wa mwezi. Miaka ya 1970 Tanga ilikuwa mji wa viwanda kweli. Kulikuwa na kiwanda cha mbolea, kiwanda cha chuma, sabuni ya Foma iliyotumika kufulia nchi nzima, reli, bandari, na kufikia 1980 saruji ya Pongwe. Mkonge ulikuwa umeanza kuyumba, kwa sababu kamba za plastiki zilishusha bei yake baada ya 1964, mwaka ambao nchi ilitoa tani kama 230,000. Hata hivyo mashamba yalikuwa na karakana zake na mafundi wake. Fundi mitambo wa kiwandani aliamshwa na king’ora, akapanda basi la kiwanda, akatibiwa kwenye zahanati ya kiwanda, na kila mwezi akakatwa akiba yake ya mfuko wa NPF. Akajenga Mikanjuni au Msambweni. Akasomesha. Mzee gani wa Tanga wakati ule aliona haya kumwoza binti yake fundi wa kiwanda cha chuma?

Kisha, mwishoni mwa miaka ya 1980 na katika miaka ya 1990, viwanda vikafungwa kimoja baada ya kingine, vingine vikauzwa, vingine vikabaki mabati na kutu. Fundi yuleyule, mwenye mikono ileile na cheti kilekile cha Trade Test, akatoka getini, akafungua kibanda cha kuchomelea katika mojawapo ya barabara za Ngamiani. Ujuzi wake haukupungua hata chembe. Pengine uliongezeka, kwa kuwa sasa alilazimika kutengeneza vipuri ambavyo zamani viliagizwa. Kilichoondoka ni zahanati, likizo, akiba na basi. Na hapo ndipo mtaa ulipoanza kumwonea huruma, na watoto wake wakaambiwa wasome kwa bidii wasije wakaishia kama baba yao. Ndugu zangu, heshima ya kazi ile ilishuka siku malipo yake yalipoacha kuwa ya mwezi. Wala mshahara wa mwezi nao haukuwa kinga kamili: waulizeni wastaafu wa iliyokuwa Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyovunjika 1977, miaka mingapi walisubiri haki zao. Lakini kati ya kinga pungufu na kutokuwa na kinga kabisa, mzazi yeyote atachagua pungufu.

Kabla sijafika chuo kikuu, kuna neno linalosemwa sana sebuleni ambalo siwezi kuliacha lipite, kwamba ufundi ni wa mtoto mzito. Nendeni Pangani, au pwani ya Mkinga, mkamtazame fundi anayeunda chombo. Hana mchoro. Analaza mkuku, anasimamisha fashini, kisha anatafuta mataruma, yaani mbavu za chombo. Taruma zuri halikatwi kwenye ubao ulionyooka. Hutafutwa tawi lililopinda lenyewe, kwa sababu nyuzi za mti zikifuata pindo, taruma halipasuki wimbi likigonga. Maana yake ni kwamba fundi huyu anautazama mti uliosimama shambani na kujua tawi lipi litakaa ubavu upi wa chombo ambacho bado hakipo duniani. Vipimo vyake ni shibiri, dhiraa na jicho. Akipotea kidogo katika uwiano wa upana na urefu, chombo kitalala upande kikipakiwa, au kitakataa kushika joshi upepo ukigeuka. Baada ya mbao kupigwa misumari huja kalafati, pamba yenye mafuta inayosindiliwa kati ya ubao na ubao kwa patasi na nyundo, na hapo kosa la nusu kidole huonekana baharini, watu wakiwa ndani. Wahenga wetu walisema ukiona vyaelea vimeundwa, na walisema hivyo wakiwa wamesimama mbele ya kazi kama hii.

Mwanafunzi wa fundi huyo hukaa miaka akichonga kwa tezo na kutoboa kwa keekee kabla ya kuruhusiwa kuchagua taruma. Ni masomo marefu kuliko shahada nyingi. Mwisho wake hapewi karatasi yoyote. Na sisi tunaosoma kwamba Nabii Nuhu aliunda safina, kwamba Nabii Daudi alilainishiwa chuma, kwamba Zakaria alikuwa seremala, hatuna pa kusimamia tunapowaambia watoto kwamba kazi ya mikono ni ya walioshindwa.

Sasa chuo kikuu. Mwezi Juni 2014, vijana zaidi ya 10,000 walijaa Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, kusailiwa kwa nafasi 70 za Idara ya Uhamiaji. Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato ilipotangaza nafasi 1,596, maombi yalizidi 135,000; ni kama watu 85 kwa kiti kimoja. Wengi wa vijana hawa wamesoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo, na siku watakapoajiriwa watakatwa asilimia 15 ya mshahara mpaka deni liishe. Nisieleweke vibaya. Takwimu hizi hazisemi kwamba elimu ya juu ni hasara. Zinasema kwamba kijana mwenye shahada anatafuta kitu kilekile alichokitafuta babu yake mwaka 1922, na kwamba watu wameongezeka mlangoni kuliko viti vilivyomo ndani.

Nchi bila chuo kikuu haiendi. Tazameni bandari yetu hapo chini. Gatini palikuwa na kina cha mita 3 tu. Meli zilitia nanga mbali, mizigo ikashushwa kwenye matishari, kisha ikapakuliwa mara ya pili gatini. Katika maboresho ya kati ya 2019 na 2023 kina kilifikishwa mita 13, na sasa meli yenyewe inafunga gatini. Kazi ile isingefanyika bila mhandisi aliyesomea mawimbi na udongo wa chini ya bahari. Isingefanyika pia bila mwendesha mitambo, mchomeleaji na fundi umeme. Na wapo waliokuwa wakiishi kwa kupakua mara mbili, na sasa mzigo unapakuliwa mara moja; hao hakuna aliyewapangia ufundi mpya, na walistahili kupangiwa.

Kwa hiyo yeyote anayesimama jukwaani na kuwaambia watoto wa maskini waachane na chuo kikuu waende ufundi, kwanza ajiulize mwanawe yuko wapi. Mtoto wa Handeni mwenye kichwa cha udaktari akipelekwa kuchomelea kwa sababu tu nyumbani hakuna fedha, hiyo ni dhuluma. Haiwi heshima kwa ufundi hata tukiipamba.

Kinachoweza kuugeuza ufundi uwe maisha mema ni mambo ambayo ofisi ilikuwa nayo tangu mwanzo, na la kwanza ni karatasi. Ili nyumba iunganishwe umeme, TANESCO inataka fomu ya mkandarasi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Sheria hiyo ni nzuri, maana nyaya mbovu huunguza nyumba na watu. Lakini mtaani, aliyepanda darini kutandaza nyaya mara nyingi siye mwenye leseni. Kijana anamaliza kazi, anamtafuta mwenye muhuri, anamlipa, fomu inagongwa. Mwenye muhuri hakuiona nyumba, hakupima nyaya, hakutazama hata swichi kuu. Sehemu ya jasho la kijana imekwenda kwa karatasi ya mtu mwingine, na mwenye nyumba analala chini ya nyaya ambazo hazikukaguliwa na yeyote. Hasara ni ya wote wawili.

Dawa yake ipo. VETA ina utaratibu wa kumtambua fundi aliyejifunzia mtaani: anapimwa kwa kazi halisi, mapungufu yake yanaonyeshwa, anafundishwa palipopungua, anapewa cheti. Maelfu ya mafundi nchini wamekwisha kuupitia. Tatizo ni kwamba fundi wa Maramba au Mwera hausikii, na akiusikia, siku za kwenda kupimwa ni siku asizolipwa.

Jambo hilihili limejitokeza kwa ukubwa zaidi Chongoleani. Jiwe la msingi la bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, liliwekwa pale tarehe 5 Agosti 2017. Bomba lina urefu wa kilomita 1,443, na 1,147 kati ya hizo zimo ndani ya Tanzania. Mwisho wake umepangiwa matangi manne, kila moja la mapipa 500,000. Wazazi wengi wa Tanga waliposikia hivyo waliwaza ajira, na walikuwa na haki. Lakini bomba la inchi 24 linaungwa kwa mishono ambayo hupimwa kwa mionzi au kwa mawimbi ya sauti, na hewa ikibaki ndani ya mshono mahali padogo tu, mshono unakatwa na kurudiwa. Jaribio ambalo wachomeleaji wa mabomba duniani kote hulijua kama 6G linafanywa bomba likiwa limefungwa kwa mshazari wa nyuzi 45, haliruhusiwi kuzungushwa. Anayezunguka ni fundi, akichomelea chini, ubavuni na juu ya kichwa chake kwa mkono usiotetemeka. Fundi wetu wa Ngamiani ametengeneza mageti na madirisha miaka mingi bila mshono wake kupimwa hata mara moja, kwa kuwa geti halipimwi. Wapo ambao wangeshindwa jaribio lile. Wapo pia ambao, wakipewa miezi michache ya mazoezi, mashine nzuri na vijiti vya kutosha vya kuunguza, wangelifaulu na kwenda kufanya kazi hiyo popote duniani, Ghuba wakiitwa, Msumbiji wakiitwa. Mazoezi hayo hayaanzishwi siku mabomba yanaposhushwa bandarini. Yanatakiwa yaanze miaka kabla.

Fedha? Waajiri wa nchi hii hulipa tozo ya kuendeleza ujuzi, SDL, kwa kipimo cha mishahara wanayolipa. Zamani ilikuwa asilimia 6. Ikashushwa kidogo kidogo hadi 3.5 mwaka 2023. Theluthi moja ya tozo hiyo huenda VETA, na theluthi mbili huingia Hazina. Tozo inakusanywa kwa jina la ujuzi, na mimi naona theluthi mbili zile zinapaswa kuulizwa kwa sauti, bungeni na kwenye mikutano ya waajiri, ni ujuzi wa nani zinaouendeleza.

Tunayo pia tabia ya zamani ya kutotulia mpaka kila chuo kizuri cha ufundi kimepandishwa cheo. Ifunda na Moshi zilianzishwa miaka ya 1950 kuwa shule za kazi za mikono. Baada ya uhuru zikageuzwa sekondari za ufundi. Chuo cha Ufundi cha Dar es Salaam kikawa taasisi ya teknolojia mwaka 1997. Chuo cha Ufundi cha Mbeya leo ni chuo kikuu. Kila hatua ilikuwa na sababu zake, na wahitimu wao tunawahitaji. Lakini nani alibaki kumlea fundi sanifu na fundi mchundo, yule anayesimama kati ya mhandisi mwenye mchoro na kibarua mwenye koleo? Mhandisi mmoja anahitaji mafundi sanifu kadhaa na mafundi mchundo wengi zaidi. Sisi tumekuwa tukiujenga mnara huu kuanzia juu.

Ndiyo sababu nimeipokea sera mpya ya elimu, ile ya 2014 katika toleo la 2023, kwa furaha na kwa hofu. Inaleta mikondo miwili katika sekondari, wa jumla na wa amali, na shule za kwanza zilianza mkondo wa amali Januari 2024. Furaha yangu haihitaji maelezo. Hofu yangu inatokana na historia. Elimu ya Kujitegemea ya Mwalimu Nyerere, mwaka 1967, ilitaka kazi na masomo viishi pamoja, lakini katika shule nyingi jembe likageuka adhabu ya waliochelewa namba. Mkondo wa amali nao utakufa hivyohivyo ukifanywa pa kuwatupia wenye alama ndogo. Utakufa pia kwa njaa. Mwanafunzi wa historia anaweza kusoma kwa kitabu kimoja wakipokezana. Mwanafunzi wa kuchomelea lazima aunguze vijiti kila siku, wa useremala lazima aharibu mbao, wa umeme lazima apewe waya wa kukata. Mkuu wa shule asiyepewa fungu la vifaa atafundisha ufundi kwa chaki, na mtoto atatoka na cheti kisichojua kushika msumeno.

Nirudi kwa mama na ugonjwa. Mchomeleaji asiye na kioo cheusi usiku huhisi mchanga machoni, na miaka ikipita macho hayarudi. Mwashi aliyebeba zege tangu ujana, mgongo unamkumbusha akifika miaka 50. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza kazi mwaka 2015, unamlinda aliyeajiriwa. Aliyeanguka kutoka paa la jirani kwa kazi ya siku mbili hayumo. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, inapokea michango ya hiari ya waliojiajiri, na kila fundi aliyepo hapa nampa wosia aandikishwe, hata aanze na kidogo. Lakini hiari peke yake haitoshi kwa mtu ambaye mwezi huu ana kazi tatu na mwezi ujao hana hata moja. Michango hiyo inapaswa ikatwe kwenye kazi yenyewe, siku ya malipo, kama anavyokatwa karani.

Na wanawake? Pwani yetu imejaa ufundi wa wanawake ambao hauandikwi popote: kushona kofia za vito, kusuka mikeka ya ukindu, kulima mwani maji yakitoka. Mama anayepika biriani ya harusi ya watu 300 anapanga ununuzi, moto, wasaidizi na saa, na chakula kinatoka kwa wakati. Akisimamia kazi hiyo hotelini angeitwa meneja na kulipwa kwa mwezi. Msichana wa Tanga anayetaka umeme au magari naye asikatishwe tamaa na mtu yeyote, hata shangazi yake.

Sasa mafundi wenzetu, nawaambia kwa mapenzi. Mtaa haukuwadharau bure kila mara. Fundi anapokea malipo ya awali ya kazi yangu, anamalizia kazi ya jana, kisha ananiambia njoo kesho mpaka mwezi unaisha. Najua chanzo chake ni kukosa mtaji. Lakini mteja aliyevaa kanzu ya mkono mmoja haoni mtaji, anaona ahadi iliyovunjwa. Andikianeni mkataba, hata nusu ukurasa. Toeni risiti. Wekeni daftari la kazi zenu, tarehe, mahali na picha ya kazi ilipokwisha, maana siku ya kupimwa na VETA daftari hilo litawatetea. Na kijana anayewasaidia, saidia fundi mnayemtuma maji na sigara, mfundisheni kushika timazi na pima maji. Wapo waliokaa miaka mitano wakichanganya zege tu, kwa sababu bwana mkubwa aliogopa kunyang’anywa wateja.

Namalizia na jambo ambalo liko ndani ya uwezo wa mkoa huu bila kusubiri mtu. Mwaka 2021 na 2022 serikali ilijenga madarasa 15,000 nchini kwa fedha za kukabiliana na athari za UVIKO-19, na sehemu kubwa ilijengwa na mafundi wa mtaani kwa utaratibu wa fosi akaunti, halmashauri ikinunua vifaa na kuwalipa mafundi kazi. Madarasa na zahanati zinaendelea kujengwa hivyo hadi leo. Ina maana mmoja wa waajiri wakubwa wa fundi asiye na cheti ni halmashauri yenyewe, hapa Tanga Jiji, Muheza, Pangani, Mkinga, Korogwe. Mhandisi wa halmashauri yuko pale kila wiki kukagua ukuta. Basi mpimaji wa VETA aitwe ukuta ungali unapanda, ampime mwashi akiwa kazini, siku hiyo ikilipwa kama siku nyingine. Mkataba wa kazi uwe na kifungu cha mchango wa NSSF. Siku za saidia fundi ziandikwe, zihesabiwe kama uanagenzi. Na mafundi wakimaliza kazi wakiwa kikundi kilichosajiliwa, waelekezwe kwenye mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, ambayo asilimia 4 ni ya vijana, wanunue mashine yao ya kuchanganyia zege badala ya kukodi.

Gharama ya ziada ni ndogo, na majengo yatakuwa bora kwa sababu aliyepimwa anajua anatazamwa. Orodha ya miradi ya ujenzi ya mwaka huu ipo kwa mtendaji wa kata yenu. Wazazi mliomo humu mna haki ya kuiomba. Mkifika, muulizeni fundi wa kila mradi ni nani, mkataba wake uko wapi, na ni wangapi watakaotoka pale na cheti mkononi jengo litakapokabidhiwa.